Mulopwe

Hapa Katuba, mtaani Lubumbashi, ambapo Waluba wa Katanga na wa Kasai wanaishi ukuta kwa ukuta, neno mulopwe si geni masikioni, walakini kulifasiri kwa «sultani» tu ni kulipunja. Maana sultani hutawala kwa nguvu za dola, ilhali mulopwe, kwa itikadi ya Waluba, hutawala kwa bulopwe, yaani utukufu ukaao damuni, ambao mwindaji Mbidi Kiluwe alimrithisha mwanawe Kalala Ilunga, aliyemshinda mjomba wake Nkongolo. Mwaka 1961 Albert Kalonji, mwanasiasa wa zama mpya, aliitwaa lakabu hiyo katika dola yake ya Kasai Kusini. Dola hiyo haikudumu, bali hadhi ya neno imebaki, nasi yatupasa kuwafundisha wana wetu nasaba yake.