Tiba ya Mwanga wa Asubuhi

Mwambie mgonjwa wa saratani aliyetoka Nkoma, kule Itilima, kwamba ameandikiwa tiba ya mwanga, uone atakavyokutazama. Huenda akadhani ni mionzi, ile inayowatoa watu Simiyu hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, nao wakirudi husema wamepigwa mionzi. Hilo lina nafuu. Kibaya ni akifikiria mwanga yule mwingine, ambaye wingi wake ni wanga na kazi yake ni kuwanga usiku. Upatanisho wa kisarufi hauokoi kitu hapa: "tiba ya mwanga" ni hiyohiyo, iwe ya taa au ya mchawi.

Ukikimbilia "nuru" unaingia kanisani na msikitini, na mgonjwa atauliza nani anaombea. Kwa hiyo nashikilia "mwanga", ila neno lisitembee peke yake. Liitwe tiba ya mwanga wa asubuhi. Hiyo "asubuhi" si pambo, ndiyo nusu ya dawa yenyewe.

Kinacholengwa na tiba hii kimo ubongoni, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana: kifundo cha seli kama 20,000 kinachoendesha saa ya mwili. Ndicho kinachopandisha homoni ya kotisoli alfajiri, kushusha joto la mwili usiku na kuruhusu melatonini itoke giza likiingia. Saa hiyo ni kama saa ya mkono inayochelewa kidogo kila siku, ikalazimu kurekebishwa kwa mlio wa redio: siku yake, kwa wastani, huzidi saa 24 kwa dakika kumi hivi. Mlio wake ni mwanga unaoingia machoni asubuhi. Mwanga huohuo ukiingia usiku wa mapema, huisukuma saa nyuma ikachelewa zaidi.

Mwaka 1959 Franz Halberg, aliyekuwa akifanya utafiti Marekani, aliupa mwendo huo wa saa jina la Kilatini lenye maana ya "takriban siku". Mtafsiri mwenye haraka ataandika "mzunguko wa siku". Asiandike. Kliniki ya mama na mtoto imeshalichukua neno mzunguko, "siku zake" kila mwanamke anazijua, na wodi ya saratani nayo huhesabu dripu za dawa za saratani kwa mizunguko. "Majira ya mwili" lingependeza, lakini vidonge vya majira ni vya uzazi wa mpango. Inabaki "saa ya mwili", na pale mtaalamu anapotaka kutaja mwendo wenyewe, "mwendo wa saa ya mwili". Ni refu kidogo, ila halimpotezi mtu.

Kwa mgonjwa wa saratani saa hii huvurugika kirahisi. Dripu humwacha na kichefuchefu na uchovu, anajilaza mchana chumbani pazia likiwa limeshushwa, usiku anapata usingizi wa mang'amung'amu, kesho yake anachoka zaidi na kujilaza tena. Wanaomuuguza humwambia apumzike, kwa nia njema kabisa, na chumba kinazidi kuwa giza. Mwaka 2012, Sonia Ancoli-Israel na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha utafiti wa wanawake 39 waliokuwa wakipata dawa za saratani ya matiti. Wengine walikaa nusu saa kila asubuhi mbele ya taa nyeupe kali, wengine mbele ya taa nyekundu hafifu. Uchovu uliongezeka kwa wale wa taa nyekundu. Kwa wale wa taa nyeupe haukuongezeka. Ni watu wachache, na hakuna aliyesema uvimbe ulisinyaa. Kinachotibiwa ni uchovu na usingizi, si saratani, na anayeiuza kama dawa ya saratani ni tapeli.

Visanduku vya taa vinavyotumika sana katika tiba hii hutoa luksi 10,000. Balbu ya sebuleni hutoa luksi mia kadhaa, pengine hazifiki. Nje, hata kivulini, ni maelfu. Nkoma jua huchomoza kabla ya saa moja asubuhi mwaka mzima, kwa hiyo kisanduku tuwaachie Wanorwe wenye majira ya baridi yenye giza. Sisi tuna kibaraza.

Kivulini, nasisitiza. Mwanga huu unafanya kazi kupitia macho, si ngozi. Dawa kama fluorouracil na methotrexate huifanya ngozi iungue upesi juani, na sehemu iliyopigwa mionzi haitaki jua. Mwenye ualbino, ambaye pengine jua ndilo lililomletea saratani ya ngozi, akisikia tu "tiba ya mwanga" ana haki ya kuondoka. Aelezwe hivi: saa moja hadi saa moja na nusu asubuhi, chini ya mti au barazani, kofia kichwani, bila kulitazama jua. Mwenye ugonjwa wa macho amwone daktari kwanza.

Istilahi yangu bado ina pengo. Haitaji usiku, na saa ya mwili inahitaji giza kama inavyohitaji asubuhi. Simu inayowaka kitandani na taa za wodi zisizozimwa huiharibu kazi ya barazani. Sijapata jina fupi linalobeba vyote viwili, kwa hiyo kwenye kadi ya mgonjwa ningeongeza mstari wa pili: taa izimwe saa tatu usiku.