Sinema Ilipoingia Nyumbani

Kwa kuwa watu wananijua kuwa ni mtu wa kutafsiri, mara kwa mara huniuliza: "Bwana, tutazame filamu gani nyumbani?" Mwulizaji hutaka majina matatu au manne ayaandike kwenye simu yake, aende zake. Majina nitayataja, ila nayaweka mwisho wa makala haya. Swali hilo lina historia yake hapa visiwani, na asiyeijua historia hiyo aweza kuchagua filamu njema akaitazama vibaya.

Picha zinazokwenda zilionyeshwa na ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, mbele ya watu waliolipa kiingilio mjini Paris, tarehe 28 Desemba 1895. Haikupita miaka mingi zikavuka bahari hadi Unguja. Miongoni mwa waliotangulia kuzionyesha alikuwapo Hassanali Adamji Jariwala, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi. Mwaka 1921 likafunguliwa jumba la Royal, lililosanifiwa na J. H. Sinclair, Mwingereza ambaye mkono wake unaonekana katika majengo kadhaa ya Mji Mkongwe. Royal baadaye iliitwa Majestic, ikaungua, ikajengwa upya mwaka 1955. Zikawapo pia Empire na Sultana.

Zama hizo hakuna aliyetazama filamu nyumbani kwake. Filamu ilikuwa jambo la kutokea: watu wakavaa, wakajitia manukato, wakapanga mstari wa tikiti. Wanawake walikuwa na maonyesho yao yasiyoingiwa na mwanamume, yaliyoitwa zanana, na huko mama, binti na jirani walikaa safu moja. Kwa kuwa tikiti ilikuwa na bei na si kila mtu alipata ruhusa ya kutoka, wengi waliijua filamu kwa kusimuliwa kabla ya kuiona, na wengine waliijua kwa kusimuliwa tu. Pendekezo la filamu, kwa hiyo, halikuwa jina lililoandikwa mahali. Lilikuwa hadithi iliyotolewa uani, huku mchele unapetwa, na msimulizi akisimama mara kwa mara kuonyesha steringi alivyoinamisha kofia.

Katika filamu zote zilizopita kwenye kumbi zile, sidhani kama ipo iliyowaingia watu wa pwani kuliko Awara, aliyoiongoza Raj Kapoor mwaka 1951 na kuicheza mwenyewe pamoja na Nargis. Kisa chake chajulikana. Hakimu Raghunath anamfukuza mkewe, Leela, akiwa na mimba, kwa sababu alikuwa ametekwa na jambazi na watu wameanza kunong'ona. Hakimu anaamini kwamba mtoto wa mwizi hawezi kuwa ila mwizi. Mtoto anazaliwa njiani, anakulia katika umaskini, na jambazi yule yule ndiye anayemfunza wizi. Mwisho mtoto anasimamishwa mahakamani kwa kutaka kumwua hakimu, na wakili anayemtetea ni Rita, msichana anayempenda.

Walioitazama hapa katika miaka ya 1950 wengi wao hawakujua Kihindi wala Kiurdu. Walijua hata hivyo nini maana ya mtu kuulizwa yu wa ukoo gani kabla ya kuulizwa jina lake. Walijua nini maana ya mwanamke kuachwa kwa sababu ya maneno ya watu. Filamu ilitoka Bombay ikakuta swali lake limekwisha tangulia kufika. Nyimbo zake ziliimbwa na watoto wasiojua neno moja la ndani yake, na si ajabu, kwani taarabu yetu nayo ilikwisha zoea kuchukua lahani kutoka Bara Hindi na kuzivika maneno ya Kiswahili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ikapata televisheni yake, tena ya rangi, ilhali Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kisha zikaja kanda za video na deki zake, halafu santuri ndogo za kung'aa, na sasa filamu hutoka hewani ikaingia katika simu ya mtoto. Kumbi zikafifia moja baada ya nyingine. Wengi husema kwamba hapo ndipo sinema ilipokufa. Mimi sisemi hivyo, kwani iliingia nyumbani, na nyumbani ni pahala pa heshima. Ila ilipoingia ilimwacha mlangoni yule msimulizi wa uani. Mbona asimulie, na kila mtu ana filamu yake mkononi?

Haja ya msimulizi lakini haikwisha. Kule Dar es Salaam walitokea watu waliosimama katika vibanda vya video wakazieleza filamu za kigeni kwa Kiswahili huku zinaendelea, na baadaye wakazitia sauti zao katika kanda zikauzwa mitaani. Aliyevuma kuliko wote ni Derek Gaspar Mukandala, ambaye watu walimwita Lufufu. Wasomi wengine waliwacheka wafasiri hawa, wakisema wanatia chumvi na kuongeza wasiyoyasikia. Nakiri kwamba nami nilikuwa katika waliocheka. Nilijifunza kazi ya kutafsiri peke yangu, kwa kamusi zilizochakaa, na mtu wa namna hiyo huogopa mno kuongeza neno.

Aliyenitoa katika kicheko hicho ni shangazi yangu. Miaka michache kabla hajafariki, macho yake yakiwa yameingia ukungu, nilimpelekea filamu ya Pyaasa, ya Guru Dutt, iliyotoka mwaka 1957. Nilimchagulia kwa sababu ni kisa cha mshairi. Nilikaa kando yake nikawa nasoma yale maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, nikiyageuza Kiswahili, jumla kwa jumla, pasi kuruka hata moja. Nilijiona nafanya kazi njema. Baada ya nusu saa akaniwekea mkono gotini.

"Baba, unanisomea," akasema. "Husimulii."

Nikanyamaza. Akaniambia nizime, kisha akanisimulia Awara, aliyoiona akiwa msichana, na aliyokwisha kutusimulia utotoni mara nisizoweza kuzihesabu. Wakati wa wimbo aliuimba, maneno hayakuwa sahihi hata kidogo, na lahani haikupotea hata kidogo. Alipofika mahakamani, Leela aliingia kwa buibui, akapita katikati ya watu, akasimama mbele ya mumewe hakimu, akamwonyesha mwanawe.

Tatizo ni kwamba katika filamu Leela hafiki hapo. Anagongwa na gari la mumewe mwenyewe, naye anakufa. Mimi nilikuwa nimeitazama Awara ukubwani na kulijua hilo, nikamwambia: "Shangazi, mama yule alikwisha kufa." Alicheka. "Najua," akasema. "Siku ile tulitoka Sultana tumelia hata hatuonani. Nikifika nyumbani niwaambie watoto mama amekufa?"

Njiani nikirudi nilikumbuka jambo ambalo katika ukoo wetu halisemwi kwa sauti: bibi yetu aliachwa akiwa na mimba ya shangazi huyu huyu. Sikuwahi kumwuliza kama ndiyo sababu, na sasa hakuna wa kumwuliza. Tangu siku hiyo, kila ninapoketi kutafsiri nabaki baina ya mambo mawili. Sina ruhusa ya kumfufua aliyekufa katika kitabu cha mtu. Lakini najua kwamba katika nyumba yetu Awara iliishi miaka hamsini kwa ulimi wa mtu aliyefanya hivyo hasa.

Basi ndugu msomaji, nikikupendekezea filamu ya nyumbani, nakupendekezea na kazi. Tazama kwanza peke yako. Kisha watazamishe walio wako, ukiwa msimulizi wao, usimulie yaliyomo, na ukitaka kubadili, ujue kwamba umebadili na kwa nini.

Anza na Awara, kwa sababu nilizozitaja. Iandamishe na Mughal-e-Azam, ya K. Asif, iliyotoka mwaka 1960 baada ya kazi ya miaka zaidi ya kumi. Mwana wa mfalme, Salim, anampenda mchezaji ngoma Anarkali, na baba yake, Mfalme Akbar, anakataa. Aliyemcheza Akbar ni Prithviraj Kapoor, ndiye yule yule aliyekuwa hakimu katika Awara, na katika maisha ni baba mzazi wa Raj Kapoor. Ukizitazama kwa kufuatana utamwona baba mmoja akihukumu mara mbili, mara kwa sheria na mara kwa taji. Filamu hii ilipigwa zaidi kwa rangi nyeusi na nyeupe, na mwaka 2004 ilitolewa tena ikiwa imetiwa rangi yote. Mimi napenda ile ya kwanza, kwani rangi inapotokea ghafla katika ukumbi wa vioo, Anarkali akicheza na sura yake imejaa darini, ndipo utakapojua kwa nini Salim hakusikia la mtu.

Halafu Pyaasa. Wapenzi wa ushairi wasiikose. Vijay ni mshairi asiyechapishwa, na ndugu zake wanauza mashairi yake kwa bei ya karatasi chakavu. Anayeyaokoa ni Gulabo, mwanamke ambaye mji unamnunua usiku na kumtukana mchana. Watu wanapodhani Vijay amekufa, ndipo wanapomtukuza. Mashairi ya filamu ni ya Sahir Ludhianvi, mshairi wa Kiurdu aliyekuwa na jina lake kabla ya sinema. Jina la filamu ni kusema "mwenye kiu", na usimweleze bibi yako kwamba ni kiu ya maji.

Wenye sikio la taarabu watafute Widad, ya mwaka 1936, filamu ya kwanza ya Studio Misr na ya kwanza ya Umm Kulthum, ambaye katika maisha yake alicheza filamu sita tu.

Mwisho ipo Vuta N'kuvute, ya Amil Shivji, iliyotolewa mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950: Yasmin, binti wa Kihindi, anamkimbia mume mzee aliyeozeshwa, na anakutana na Denge, mpigania uhuru. Nilipoitazama nilimfikiria shangazi, kwani ndiyo miaka aliyokuwa akipanga mstari wa tikiti. Hii haihitaji mfasiri. Watoto wataisikia kwa lugha yao, nanyi wazee mtawaambia kilichokuwako katika vichochoro vile ambacho kamera haikukipata.

Nami namalizia kwa ubeti, kwa kuwa ndiyo desturi ya kurasa hizi:

Filamu njema nyumbani, si ile ya kutazamwa,
Ikapita barazani, kwa kimya pasi kusemwa,
Bali ile ya kinywani, taa zikisha kuzimwa,
Hurithiwa na wendani, haiishi kuandamwa.