Makaburi ya Shambani Yasipotee



Wazee wetu wengi wa Pemba walizikwa shambani kwao, chini ya miembe na mikarafuu. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Mashamba yakajaa watu, na penye watu pana makaburi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali ilichukua mashamba na kuwagawia wananchi eka tatu tatu. Shamba likapata mwenyewe mwengine, waliolala wakabaki palepale.

Nasi yametufika. Mwenye shamba alitaka kujenga walipolala wazee wetu. Hatukugombana. Tulikwenda na bibi na sheha, bibi akatuonyesha mawe ya kichwani na miguuni, mengine yameshazama. Tukapima kwa utepe wetu wa kushonea, tukaandika kwenye daftari la wateja: kaburi la nani, futi ngapi kutoka mwembe mkubwa. Yalitoka tisa. Mawili bibi hakukumbuka ni ya nani, akalia, nasi tukalia. Mwenye shamba alipoona majina akasogeza msingi wa nyumba yake. Allah amlipe kheri.

Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kuzuru makaburi kwa kuwa yanatukumbusha akhera. Hatuhitaji saruji wala marumaru. Tufyeke majani, tuandike majina, tuwaombee dua.

Dada, bibi yako yu hai? Mpeleke shamba wiki hii, na kalamu mkononi.