Mara 12 kwa mwaka: haki ya kumwona mtoto ilitoka wapi?

Wadau, mzazi akisema "mimi nataka kumwona mwanangu tu", wengi wetu tunadhani anadai kitu kilichokuwepo tangu enzi za Adamu. Wapi! Katika sheria za Uingereza, ambazo ndizo chimbuko la nyingi za kwetu, haki hiyo kuandikwa kwenye kitabu ni jambo changa kuliko gari moshi. Naomba leo nirudi nyuma kidogo, maana tunagombana sana juu ya jambo hili bila kujua lilikotoka.

Tuanze na mshairi Percy Shelley. Mwaka 1814 alimwacha mkewe Harriet, akaondoka na Mary Godwin, yule aliyekuja kuandika Frankenstein. Desemba 1816 mwili wa Harriet ulikutwa ziwani katika bustani ya Hyde Park, London. Alikuwa na miaka 21. Aliacha watoto wawili, Ianthe na Charles, na baba yake Harriet akakimbilia mahakamani kuwazuia wasiende kwa Shelley.

Ndugu msomaji, zama zile baba alikuwa mfalme. Mwaka 1804 mahakama ilikataa hata kumrudishia mama mtoto wa miezi minane aliyenyang'anywa na baba akiwa bado ananyonya. Kwa hiyo watu walishangaa Machi 1817, Lord Eldon alipomnyima Shelley watoto wake kwa sababu ya mwenendo na maandishi yake. Watoto walikabidhiwa kwa mlezi, daktari mmoja na mkewe. Baba akaruhusiwa kuwaona mara 12 kwa mwaka, tena mbele ya walezi hao. Lakini Shelley alihamia Italia Machi 1818, akafa maji huko mwaka 1822 bila kuwatia machoni tena.

Ruhusa ile ilikuwa hisani ya jaji. Aliyeifanya iwe sheria ni mama mmoja, mwandishi Caroline Norton. Mwaka 1836 mumewe alimshitaki Waziri Mkuu, Lord Melbourne, kwa madai ya kutembea na Caroline. Mume akashindwa kesi, ila watoto wao watatu wa kiume alikuwa ameshawachukua. Mama alishinda kesi ambayo hata hakuruhusiwa kusimama kujitetea, na bado akabaki bila wanawe!

Caroline akashika kalamu. Aliandika vijitabu, akawasumbua wabunge, hadi mwaka 1839 ikapita sheria iliyomruhusu mama kuomba kukaa na watoto walio chini ya miaka 7 na kuwatembelea waliozidi umri huo. Mumewe naye akawaweka watoto Scotland, ambako sheria hiyo haikufika. Mwaka 1842 mdogo wao, William, alianguka kutoka kwenye farasi akaumia. Mama aliitwa. Alipofika, mtoto alikuwa ameshafariki.

Ile namba 7 mnaijua. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vyema akae na mama yake, isipokuwa ithibitike vinginevyo. Kifungu hicho hicho kinairuhusu mahakama, pakiwa na sababu za pekee, kumkabidhi mtoto kwa ndugu mwingine. Na Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 38, inampa mzazi, mlezi au ndugu aliyekuwa akimtunza mtoto nafasi ya kuomba kumwona.

Kilichobadilika zaidi ni mwenye haki. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema mtoto aliyetenganishwa na mzazi ndiye mwenye haki ya kuendelea kuonana naye, ila pale inapomdhuru.

Katika kazi hii nimekaa sana kwenye mabenchi ya mahakama. Unamsikia bibi mzaa mama: "Mtoto alipougua huyu baba alikuwa wapi?" Unamsikia baba: "Nikifika pale naambiwa mtoto amelala, saa nane mchana!" Kila mmoja ana uchungu wa kweli, na kila mmoja anasema "mtoto wangu". Bibi ana haki ya kuuliza maswali, na kama kuna hatari anapaswa kuieleza mahakama. Lakini mlezi amepewa dhamana, hakupewa umiliki. Na baba naye akishapewa siku zake, azitumie. Shelley alipewa 12 kwa mwaka akaondoka. Caroline alipigania hata moja.

Kwa hiyo siku nyingine mkibishana nani ana haki ya kumwona nani, anzeni na yule mdogo aliyeambiwa amelala saa nane mchana. Naomba kuwasilisha.