Tendegu la nne

Kitanda cha bibi kilivunjika tendegu moja muda mfupi baada ya arobaini yake. Kwa kuwa mimi ndiye mjukuu ninayejulikana kwa kupenda vya kale, nikapewa kazi ya kukipeleka kwa fundi. Ni kitanda cha kamba: matendegu manne yaliyokerezwa, mifumbati miwili, vitakizo viwili, vyote vyeusi tii. Kwetu Pangani kila mtoto wa ukoo amekua akiambiwa kwamba kile ni kitanda cha mpingo, na kwamba babu yake bibi alikipata kwa Mwarabu mmoja mwenye shamba la miwa.

Fundi ni mzee aliyerithi patasi na randa kutoka kwa baba yake. Banda lake ni la makuti. Nilimwamkia, nikamweleza habari ya mpingo na ya Mwarabu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaushika mfumbati mmoja na kunyanyua upande mzima wa kitanda kwa mkono wa kushoto.

"Mwanangu, mpingo haunyanyuliwi hivi."

Akachukua kisu, akakwangua chini ya tendegu, mahali ambapo hapaonekani. Weusi ukatoka kama ngozi: mafuta ya nazi, moshi wa udi, moshi wa koroboi, miaka mingi ya mikono. Chini yake mbao ilikuwa ya manjano inayoelekea kahawia. "Fenesi hili," akasema. Akakwangua la pili: fenesi. La tatu akalitazama zaidi. "Hili walilibadilisha. Mtiki." Lile lililovunjika nalo lilikuwa fenesi.

Nitakuwa mkweli, niliona aibu. Nilishaiandika hadithi ya kitanda kile kwenye makala moja gazetini, na mpingo ukiwemo.

Lakini ukifikiri vizuri, ningepaswa kujua. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Mti wenyewe haunyooki, shina lake ni fupi, mara nyingi lina uwazi katikati, na unachukua miaka sabini au zaidi kufikia unene wa kuuzwa. Kupata mfumbati ulionyooka wa urefu wa mtu kutoka kwenye mpingo ni bahati ya mtende. Ndiyo maana ukikitazama kile kiti kikubwa cha heshima cha upwa wa kaskazini, kiti cha enzi cha Lamu, Pate na Siyu, unaona kimeundwa kwa vipande vingi vyembamba vilivyoingiliana, kimepambwa kwa pembe za ndovu na mifupa, na mgongo na kikalio vimesukwa kwa nyuzi. Watu husifu umbo lake. Mimi sasa nadhani sehemu ya umbo lile ililetwa na mti: fundi hakuwa na ubao mpana, akajaza nafasi kwa nyuzi.

Kiti kile hakikuwa cha kila mtu. Kilikuwa cha mwenye nyumba kubwa na mgeni wake wa heshima. Na hapo ndipo hadithi ya kitanda chetu inapoanza kunuka. Pangani ya karne ya 19 ilikuwa mji wa misafara ya bara na wa sukari, na mashamba ya miwa kando ya mto yalilimwa na watumwa. Ni hapa Pangani ambapo mwaka 1888 Abushiri aliwaongoza watu dhidi ya Wajerumani, na ni hapa alikonyongwa Desemba 1889. Katika mji wa namna hiyo samani ilitangaza mtu ni nani kabla hajafungua mdomo. Wenye mali waliagiza samadari kutoka India. Wasio nazo walilala kwenye kitanda cha kamba, au kwenye mkeka. Kwetu hatujawahi kuzungumza babu yake bibi alitoka wapi hasa. Tunazungumza alichopewa.

Fundi hakujali hayo. Yeye alitaka kunieleza mfenesi, na nilipomwacha aeleze nikaona mwenye akili alikuwa nani.

Mfenesi ulivuka bahari kutoka India, na jina lake lilikuja nao: Kimarathi huita tunda hilo phanas. Ukakubali pwani yetu. Unakupa kivuli, tunda, mbegu za kuchemsha, na ukizeeka unakupa mbao ambazo mchwa hawazipendi. Milango mingi ya nakshi ya Unguja ni ya mfenesi, kando ya ile ya msaji. Fundi akanionyesha tundu la tendegu lililovunjika. Kila tendegu, alisema, linabeba ulimi wa mfumbati na ulimi wa kitakizo, na yale matundu mawili yanakaribia kukutana ndani. Kwa hiyo linataka mti usiopasuka ovyo, tena usiooza kwenye sakafu yenye unyevu. Mfumbati shida yake ni nyingine: kamba za makumbi zikikazwa zinauvuta kuelekea ndani usiku na mchana, kwa hiyo unataka nyuzi zilizonyooka, bila jicho. Aliyekitengeneza kitanda cha bibi alichagua sehemu kwa sehemu. Hakuchagua mti ghali. Alichagua mti uliokuwa uani.

Msaji, ambao wengi sasa tunauita mtiki, una historia yake ya kifahari zaidi. Jina la msaji linatokana na Kiarabu, sāj, kwa sababu kwa karne nyingi mbao zake zilisafirishwa kutoka pwani ya Malabar hadi Ghuba na kwetu. Una mafuta yanayoukinga na maji, na haulishi kutu misumari ya chuma, kwa hiyo wajenzi wa meli waliupenda mno. Meli za Seyyid Said zilizoundwa Bombay zilikuwa za mti huo, mojawapo ikiwa Sultana, iliyofika New York mwaka 1840. Baadaye mti wenyewe ulihamia kwetu: Wajerumani walianza kuupanda, na leo kuna shamba la serikali la mitiki huko Longuza, Muheza, si mbali na Pangani. Mama mkubwa anakumbuka babu akirudi kutoka Muheza na gogo fupi juu ya basi. Hilo ndilo tendegu la tatu.

Sasa lile la nne liwe la nini? Mimi, nakiri, niliuliza kama anaweza kuweka la mpingo. Angalau moja liwe kweli. Mzee akacheka hadi akakaa chini. Akasema tendegu gumu kiasi hicho litautafuna ulimi wa mfumbati, tena litamharibia patasi. Nikasema basi mninga. Hapo akaniuliza nina hakika gani kwamba nitakachouziwa ni mninga.

Swali hilo liliniuma, maana Dar niliwahi kununua meza ya "mninga" kando ya barabara. Miezi sita ikapasuka katikati, na rangi nyekundu ikabaki kwenye kitambaa cha kufutia. Mninga wa kweli hupendwa kwa sababu ukishakauka hauchezi. Utomvu wake ndio mwekundu, kama damu, si kitambaa chako. Na bei yake imepanda kwa sababu tunazozijua. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, magogo ya Lindi na Mtwara yalipata barabara, na ripoti ya TRAFFIC ya 2007 ilieleza jinsi yalivyotoka bila kulipiwa na kwa kujuana. Mpingo nao, pamoja na jamii yake yote, uliwekewa masharti ya biashara ya kimataifa kuanzia Januari 2017. Kwa tendegu moja la kulinda hadithi ya uongo, niliona nitaingia kwenye mlolongo mrefu.

Tukakubaliana mfenesi. Alikuwa na kipande alichokianika kivulini tangu mwaka juzi, kutoka kwenye mti uliokatwa kupisha ukuta wa jirani. Akakikereza kwa kulinganisha na lile la mtiki, pete kwa pete, kisha akakigongea bila msumari.

Nilikirudisha kitanda nyumbani kikiwa na matendegu matatu meusi na moja la manjano kama binzari. Nikawaita wote, nikawaeleza: fenesi, mtiki, hakuna mpingo. Kimya. Mama mkubwa akauliza Mwarabu je? Nikasema sijui habari za Mwarabu, najua habari za mti. Akaniambia nisome nikae, nisije kuwasomesha wazee.

Asubuhi yake nilikuta kopo la kiwi nyeusi kizingitini, na kitambaa pembeni. Tendegu la nne lilikuwa limekolea kuliko yote matatu.