BANDARI ZA KIGOMA: KWA NINI UJIJI ILIACHWA, NA DARAJA LINAHUSIKA VIPI

Wadau, wengi tunaijua Ujiji kwa ule mnara wa Livingstone na Stanley waliokutana mwaka 1871. Wakati huo Ujiji ndiyo ilikuwa bandari, na Kigoma haikuwa na jina. Ilikuwaje ikapinduka?

MAJI YALISHUKA
Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, upande wa Kongo karibu na Kalemie. Mlango wake ulikuwa umeziba. Mwishoni mwa miaka ya 1870 ukazibuka, na ziwa likashuka takriban mita 10 ndani ya miaka isiyofika 20. Ufukwe wa Ujiji ukasogea mbali na mji.

RELI IKAPITA PEMBENI
Reli ya Kati kutoka Dar ilifika ziwani mwaka 1914, lakini ikaishia Kigoma. Sababu ni ghuba: Kigoma kuna kina na pamejikinga na upepo, Ujiji ni ufukwe wa wazi. Mwaka 1915 meli Graf von Goetzen, iliyoletwa vipande vipande kutoka Ujerumani, ikashushwa majini Kigoma. Ndiyo hiyo Liemba. Ujiji ikabakiwa na mitumbwi na maboti.

Kwa hiyo bandari inaishi kwa vitu viwili: maji ya mbele na njia ya nyuma.

DARAJA
Daraja likikaa mbele ya bandari linaweza kuziba meli. Ndiyo maana Daraja la Nyerere la Kigamboni, mita 680, lililofunguliwa 2016, liko ndani zaidi ya mkondo, meli kubwa hazipiti chini yake. Likoni, Mombasa, meli za Kilindini zinapita palepale, na watu wanavuka kwa feri.

Sisi hatuna tatizo hilo. Ziwa lina upana wa kilomita 50 hivi na kina cha hadi mita 1,470, nani atalijengea daraja? Daraja letu liko nchi kavu: Daraja la Kikwete, mto Malagarasi, Uvinza, kwenye barabara ya Tabora. Linailisha bandari malori. Lakini barabara nzuri inaweza pia kuhamisha mzigo. Karema, mkoani Katavi, ilipata bandari mpya mwaka 2022, nayo inautaka mzigo huohuo wa Kongo.

UFUKWE
Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Wengine wanaona ni usumbufu tu. Lakini ziwa lilipanda sana baada ya mvua za 1961 hadi 1964, na mwaka 2024 likapanda tena hadi maji yakaingia bandari ya Bujumbura na mitaa ya Uvira na Kalemie. Ukijaza hoteli na maghala mpaka ukingoni, maji yakipanda gati halina pa kurudi nyuma, na lori halina pa kugeuzia. Yakishuka, gati fupi linabaki juu ya mchanga.

Wa kwanza kuumia ni mama wa mawese na dagaa anayesafiri kwa boti, hana bandari nyingine ya kukimbilia.

Haya wadau wa Kibirizi, Mwanga na Ujiji: kwenu ufukwe wa wazi kwa ajili ya maboti umebaki kiasi gani?