Intaneti ya mtaani: mbona hufa baada ya Isha, na vipi utajua tatizo liko wapi

Mpwa wangu alikuwa na mtihani wa chuo, ule wa kufanyiwa nyumbani kwa kompyuta, kuanzia saa mbili usiku hadi saa tatu na nusu. Saa mbili na robo ukurasa ukaganda. "Mjomba, mtandao umekufa tena," akaniambia, na machozi yako karibu.

Nikapigia simu kampuni inayotuuzia intaneti. Kijana aliyepokea akanijibu, "Mzee, huku kwetu laini yako iko sawa." Muda ulipokwisha mtihani ukajifunga wenyewe, nusu ya maswali hayajajibiwa. Muhula uliofuata tukalipa ada ya somo lile mara ya pili.

Tangu siku hiyo nimeuliza, nimesoma na nimepima. Niliyoyapata nayaweka hapa, kwani wengi wetu tunalipa kila mwezi bila ya kujua tunachouziwa.

Njia moja, wapitaji wengi

Waya wa fiba unaoingia nyumbani kwako si wako peke yako. Katika mfumo wa GPON, unaotumika sana kwa fiba za majumbani, uzi mmoja hubeba takriban megabiti 2,500 kwa sekunde, kisha hugawanywa kwa nyumba 32 au 64. Nyumba 32 zikivuta zote kwa pamoja, kila moja hupata kama megabiti 78. Hapo hakuna shida kubwa.

Shida iko mbele, pale nyuzi za mitaa mingi zinapokutana katika njia moja kuu. Kampuni hainunui nafasi sawa na jumla ya kasi iliyowauzia wateja. Hilo peke yake si wizi, kwa sababu si wote wanaotumia kwa wakati mmoja. Hata feri ya Likoni haikujengwa ichukue watu wote wa ng'ambo kwa safari moja.

Lakini hesabu ina mpaka wake. Tuseme nyumba 20 zimeuziwa megabiti 10 kila moja, na njia yao ni ya megabiti 50. Mchana wakitumia watu wanne, kila mmoja anapata 10 zake kamili. Usiku wakiingia wote 20, kila mmoja anabaki na mbili na nusu. Jirani anayenunua laini moja na kuwauzia wenzake waifai yuko katika hesabu hiyo hiyo.

Foleni hupangwa vipi

Data husafiri vipande vipande, kila kipande kwa kawaida hakizidi baiti 1,500. Vikifika vingi kuliko njia inavyoweza kubeba, ruta huvipanga foleni. Foleni ikijaa, vinavyofuata hutupwa. Kompyuta inayotuma ikiona vipande vimepotea, hupunguza mwendo.

Adabu hii haikuwepo tangu mwanzo. Oktoba 1986 huko Marekani, njia baina ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilisongamana hadi kasi yake ikaanguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Mtaalamu Van Jacobson akachunguza, na mwaka 1988 akachapisha njia za kuzifanya kompyuta zipunguze mwendo zinapoona msongamano. Mtandao wa leo bado unasimama juu ya kazi hiyo.

Juu ya adabu hiyo, mtoa huduma huongeza mambo yake manne:

Kwanza, kikomo cha kasi. Kila laini ina kipimo ilichouziwa, na ruta huchelewesha au hutupa kinachozidi. Mara nyingi huruhusu mwendo mkubwa kwa sekunde chache za mwanzo, ndiyo maana kipimo kifupi cha kasi huweza kukuonyesha namba nzuri kuliko hali halisi.

Pili, kipaumbele. Vipande vya simu ya sauti vinaweza kupitishwa mbele ya faili kubwa, kama vile gari la wagonjwa linavyopishwa.

Tatu, sera ya matumizi ya haki. Ukishamaliza kiasi fulani kwa mwezi, kasi yako hushushwa hadi mwezi upinduke, hata kama tangazo lilisema "bila kikomo".

Nne, kuchagua huduma. Mtoa huduma hutazama ni aina gani ya data inayopita, akaibana hiyo peke yake.

Kosa si kupanga foleni

Mwaka 2007 wateja wa kampuni ya Comcast ya Marekani waligundua kwamba kampuni inakata kwa siri mawasiliano ya programu ya BitTorrent. Agosti 2008 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ikaamua dhidi ya kampuni, ingawa mwaka 2010 mahakama iliubatilisha uamuzi huo kwa hoja ya mamlaka ya tume.

Funzo liko katika kilichofuata. Comcast ilibadili utaratibu na kuuandika hadharani: njia ya mtaa ikikaribia kujaa, wanaovuta sana kwa dakika kadhaa mfululizo huwekwa nyuma ya foleni kwa muda, bila ya kujali wanatumia programu gani. Msongamano ukipungua, hurudi mahali pao. Foleni ilibaki pale pale, lakini sasa mteja aliweza kuijua sheria yake.

Vipi utajua

Anza na nyumba yako. Unganisha kompyuta kwa waya moja kwa moja kwenye ruta. Kasi ikirudi, tatizo lilikuwa waifai yako, pengine kuta nene au ruta ya waifai ya jirani.

Ikiwa asubuhi ni nzuri na baada ya Isha ni mbaya, kila siku, basi njia ya mtaa imejaa.

Ikiwa kasi imeshuka siku moja ya mwezi na imeganda pale pale usiku na mchana, hapo uliza habari ya sera ya matumizi ya haki.

Ikiwa video za huduma moja ndizo zinazokwama, na ukiwasha VPN zinakwenda vizuri, kuna sababu ya kuuliza kama huduma hiyo inabanwa.

Ikiwa nchi nzima inalalamika, huenda ni mkonga wa baharini. Mei 2024 mikonga ya EASSy na SEACOM ilikatika na Afrika Mashariki yote ikahisi, hata sisi wa Mombasa ambako mikonga hutua.

Na usichanganye megabiti na megabaiti. Megabiti 10 kwa sekunde ni megabaiti moja na robo tu.

Mimi nilipima mara tatu kwa siku kwa wiki mbili, nikaandika saa na namba katika daftari. Alfajiri ilikuwa tisa na kitu. Saa mbili usiku haikuvuka mbili. Nilipolipeleka daftari ofisini, sikuambiwa tena kwamba laini iko sawa. Fundi alikiri njia yetu imebeba nyumba nyingi mno, na baadhi zikahamishwa. Ukikataliwa kule, malalamiko yako yapeleke Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ukiwa na maandishi mkononi.

Mimi sidai kasi isiyoshuka, maana njia ni ya wote. Nadai mkataba unaosema mambo matatu: kasi ya juu kabisa, kasi ya kutarajiwa saa mbili usiku, na kiasi ambacho nikikimaliza nitashushwa. Lau ningalijua lile la pili, mpwa wangu angalifanyia mtihani wake kwingine.